Barua ya wazi kwa wakuu wa spidiwei, wakuu wa stokaa na madiwani wa mji wa Rugby: uwanja ni mmoja, uteteeni pamoja

Kwa wakuu wa BSPL mnaoendesha ligi za spidiwei, yaani mbio za pikipiki, Uingereza. Kwa wakuu wa ORCi mnaowaunganisha mapromota wa mbio za magari ya stokaa. Na kwa waheshimiwa madiwani wa Halmashauri ya mji wa Rugby, jirani na Coventry, ambako ndiko uliko Uwanja wa Brandon.

Salamu kwenu nyote.

Mimi ni fundi wa kuchomelea, mzaliwa wa Tanga, mkazi wa Coventry. Nawaandikia kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha ninayoweza kusema nayo yote niliyo nayo moyoni, na kwa kuwa tuko wengi kwenye miji hii ya Midlands, katikati mwa England, tunaoizungumza. Tunalipa kodi ya halmashauri, na sisi tunaotoka nchi za Jumuiya ya Madola tunapiga kura. Wakalimani mnao. Ninachoomba ni barua isomwe hadi mwisho.

Neno langu ni hili. Spidiwei na stokaa zimekaa kwenye viwanja vile vile kwa miaka sabini na zaidi, lakini mnaziongoza kama wapangaji wawili wa nyumba moja wasiosalimiana. Kila mmoja ana kalenda yake, wanasheria wake, malalamiko yake. Siku mjenzi wa nyumba za kuuza anapoutamani uwanja, kila mmoja anakwenda kujitetea peke yake, na peke yake hana uzito wa kutosha. Wajenzi wamelijua hilo kitambo. Nawaomba mkae upande mmoja wa meza kabla viwanja havijatuishia.

Wenzangu watakaoisoma barua hii bila kuijua michezo yenyewe wana haki ya kuelezwa. Spidiwei ni mbio za pikipiki kwenye njia ya mviringo iliyomwagwa kifusi laini chekundu cha mawe yaliyosagwa. Waendeshaji ni wanne, mizunguko minne, na kwa dakika moja hivi mbio zimekwisha. Pikipiki ina injini ya cc 500, inatumia methanoli badala ya petroli, ina gia moja, na haina breki. Kona inachukuliwa kwa kuliacha tairi la nyuma liteleze: gurudumu la mbele linatazama kulia, pikipiki yenyewe inakata kushoto, na mguu wa kushoto uliovishwa kiatu cha chuma unaburuzwa ardhini. Wa kwanza anapata pointi 3, wa pili 2, wa tatu 1, wa mwisho hapati kitu. Jukwaani utawaona bibi na babu wana penseli na kitabu cha programu mapajani, kila mbio zikimalizika wanajaza pointi na muda kwenye vijisanduku vyake, na wengine wanavitunza vitabu hivyo tangu ujana wao.

Stokaa ni magari ya mbio yanayoundwa na mafundi wenyewe kwenye magereji yao. Yale makubwa, ya daraja la stokaa liitwalo F1 (si Formula One), yana injini za V8, fremu ya vyuma vizito, na bampa za chuma mbele na nyuma, kwa sababu kumgonga aliye mbele yako ili akupishe ni sehemu halali ya mchezo. Kuna kanuni moja naipenda sana. Paa la kila gari hupakwa rangi kufuatana na uwezo wa dereva: wapya weupe, kisha njano, bluu, nyekundu, na bingwa wa dunia paa la dhahabu. Wanyonge wanaanza mbele, mabingwa wanaanza nyuma kabisa, na kila anayetaka ushindi lazima apite katikati ya msongamano. Mtoto wa miaka saba anaelewa kinachoendelea bila kuelezwa na mtu.

Hii michezo miwili haikukutana kwa bahati mbaya. Spidiwei ilishika Uingereza baada ya mashindano ya High Beech, kwenye msitu wa Epping, tarehe 19 Februari 1928, ikitokea Australia. Ndani ya miaka michache miji mingi ilikuwa na uwanja. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mambo yakabadilika: televisheni iliingia majumbani, kodi ya burudani ilikuwa nzito, klabu zikaanza kufungwa. New Cross, kusini mwa London, spidiwei ilikoma mwaka 1953. Tarehe 16 Aprili 1954, siku ya Ijumaa Kuu, uwanja huo huo ukafanya mbio za kwanza za stokaa nchini Uingereza, na watu wakafurika. Yaani mchezo wa pili ulizaliwa kwenye uwanja ambao wa kwanza ulikuwa umetoka kuuacha. Mapromota wa wakati ule walielewa haraka: uwanja una gharama zake kila wiki ya mwaka, na mchezo mmoja haujazi wiki za kutosha.

Brandon ni mtoto wa fikra hiyo. Spidiwei ilianza pale mwaka 1928, stokaa zikaingia miaka ya 1950, na kwa zaidi ya miongo sita vyote viwili vilikimbia juu ya udongo ule ule mwekundu. Coventry Bees, timu ya spidiwei ya pale Brandon, walitwaa ubingwa wa ligi kuu mwaka 1968, 1978, 1979, 1987, 1988, 2005, 2007 na 2010. Ole Olsen wa Denmark, bingwa wa dunia mara tatu, aliivaa jezi yao yenye nyuki kifuani. Kuanzia 1998 hadi 2000 Grand Prix ya Uingereza ya spidiwei ilifanyika pale kijijini, kabla ya kuhamishiwa Cardiff. Upande wa stokaa, fainali ya dunia ya F1 ilirudi Brandon mara nyingi, na madereva wa paa nyekundu waliuhesabu ule mviringo kuwa kipimo cha kweli cha mtu. Mji wenyewe ulikuwa wa magari na pikipiki. Kiwanda cha Peugeot cha Ryton, mwendo mfupi tu kutoka uwanjani, kilitoa gari lake la mwisho Desemba 2006, na leo pale ni maghala. Wanaume na wanawake waliojifunza kazi ya chuma kwenye viwanda hivyo ndio waliokuwa wakiunda stokaa usiku na kuzipeleka Brandon Jumamosi.

Msimu wa 2016 ulikuwa wa mwisho. Ardhi ilikuwa imeshauzwa kwa watu wenye nia ya kujenga nyumba, na mageti yakafungwa. Bees wakakosa kwao. Mwaka 2018 walikimbilia uwanja wa Leicester, wakiitwa wenyeji kwenye mji wa wenzao, na hilo nalo halikudumu. Uwanja mtupu ukaachiwa wavunjaji na wachoma moto, na kila mwaka unaopita unasikitisha zaidi kuutazama.

Hapa, waheshimiwa madiwani wa Rugby, nataka kuwashukuru kwa dhati. Novemba 2022 kamati yenu ililikataa ombi la kujenga zaidi ya nyumba mia moja mahali pale. Mwenye ardhi alikata rufaa, ukafanyika uchunguzi wa hadhara mwaka 2023, na rufaa ikatupwa. Mlisimama imara mbele ya wanasheria ghali. Na mashabiki waliosimama nanyi hawakujiita watu wa spidiwei wala watu wa stokaa; kikundi chao kilibeba majina yote mawili. Waliketi pamoja, wakachanga pamoja, wakaandika ushahidi pamoja. Watu wa kawaida walifanya lile ambalo vyombo vyenu, BSPL na ORCi, bado hamjalifanya kitaifa.

Najua kwa nini hamjalifanya. Ugomvi wa michezo hii miwili una sababu za kweli, na nisipozitaja mtasema huyu ni shabiki tu, hajui kazi ya uwanja.

Chukueni wikiendi moja kwenye uwanja wa udongo unaotumika kwa vyote viwili. Magari ya tani moja na nusu yakishalala kona zote usiku kucha, udongo haubaki ulipokuwa. Unasukumwa nje hadi kwenye uzio, ndani panabaki pagumu na pembezoni panakuwa tuta. Kuna mashimo kwenye mlango wa kona ya kwanza, mahali ambapo kila dereva hufunga breki na kugongana. Kwenye udongo mna nati, vipande vya mabomba, waya, vioo vya taa za onyo. Sasa fikiria pikipiki isiyo na breki, inayoingia kona hiyo hiyo siku chache baadaye, na tairi la mbele likakuta shimo la upana wa kiganja. Mwendeshaji wa spidiwei akilalamika kuhusu njia iliyoharibiwa na stokaa, hadekezi mwili wake. Anazungumzia mfupa wa paja, bega, shingo.

Basi mtu wa njia anaanza kazi mapema. Anapita na sumaku kuokota vyuma. Greda inarudisha udongo ndani, trekta inachimbua tabaka la juu, boza linamwaga maji, halafu inasubiriwa, kwa sababu maji yakizidi njia inakuwa matope na yakipungua inakuwa vumbi. Kisha kushindilia, kisha kuburuza tena. Baada ya hapo linakuja suala la uzio. Kwenye kona, spidiwei ya ligi kuu inataka uzio laini wa kujazwa upepo, ili anayeanguka asikutane na mbao. Stokaa zinataka chuma na nyaya za kuzuia gari lisifike kwa watazamaji. Ule wa upepo lazima utolewe kabla ya magari kuingia na urudishwe baada ya kutoka, na ni kazi ya watu wengi, mara nyingi wa kujitolea, kwenye mvua. Upande wa pili nao una lake: promota wa stokaa anaambiwa siku fulani haipatikani kwa kuwa spidiwei ina mechi iliyoahirishwa kwa mvua, na yeye ameshatangaza, madereva wameshajaza mafuta kutoka Scotland.

Yote haya ni kweli. Lakini yatazameni vizuri: hayo ni matatizo ya ratiba, ya trekta na ya pesa ya udongo. Yana dawa. Nyumba zikishajengwa juu ya kona ya kwanza, hakuna dawa.

Ipswich, pale Foxhall, walipata dawa ya kuridhisha. Stokaa zinakimbia kwenye duara la nje la lami, spidiwei kwenye duara la ndani la udongo. Kampuni ya stokaa ndiyo yenye mkataba wa uwanja, na Ipswich Witches, timu ya spidiwei, wana siku zao. Kwa miaka mingi imekuwa Alhamisi usiku pikipiki, Jumamosi magari. Kila mchezo una njia yake, lakini majukwaa, taa, vyoo, jiko la chipsi na maegesho ni mamoja. King's Lynn nao waliendesha michezo yote miwili kwenye uwanja mmoja kwa miaka. Si kila uwanja una nafasi ya duara mbili, nakubali, na wapo wanaosema duara la nje linawaweka watazamaji mbali mno na pikipiki. Mimi nakaa upande wa wanaokubali kukaa mbali kidogo.

Sasa tazameni kwingine, ambako kila mchezo ulikwenda njia yake. Manchester ilikuwa na Hyde Road, Belle Vue, uwanja ambao wazee wa spidiwei wakiutaja sauti zao hubadilika. Uliuzwa, na mwaka 1987 ukafungwa kwa pikipiki na magari pia. Palepale pakawa mahali pa kuuzia magari kwa mnada. Spidiwei ikahamia uwanja wa mbio za mbwa wa Kirkmanshulme Lane, jirani tu, na baadaye stokaa nazo zikaingia hapo hapo. Kisha mwaka 2016 spidiwei ikajengewa uwanja mpya, mzuri, wa kitaifa, halmashauri ya Manchester ikiwa ndani ya mradi. Nafurahi kwa ajili yao. Lakini stokaa hazikuwemo kwenye mpango huo. Zilibaki kwenye uwanja wa mbwa, na ule ulipofungwa na ardhi yake kwenda kwa wajenzi wa nyumba, jiji lile kubwa likabaki bila stokaa. Mpango mmoja, wenye pande zote mbili tangu siku ya kwanza, ungeweza kuokoa vyote viwili.

Wimbledon, Plough Lane: spidiwei ilitoka mwaka 2005, ikaacha mbwa na stokaa. Machi 2017 mbwa na stokaa nao walifanya usiku wao wa mwisho siku mbili zilizofuatana. Birmingham, uwanja wa stokaa wa Birmingham Wheels ulifungwa mwaka 2021 ili ardhi ya jiji iendelezwe upya. Wolverhampton, Monmore, ambako spidiwei ilianza tangu 1928, ilikoma mwaka 2023 kwa sababu kampuni ya kamari yenye uwanja haikutaka kuendelea na pikipiki. Mwaka huo huo Peterborough nako kukanyamaza. Kila mara naona tangazo la masikitiko kutoka chombo kimoja, na chombo cha pili kiko kimya, kwa kuwa uwanja uliokufa safari hii haukuwa wake.

Hebu niseme kuhusu sheria, maana hapo ndipo umoja unapogeuka kuwa nguvu halisi. Mwongozo wa kitaifa wa mipango wa England unasema eneo la michezo lisijengwe ila kwa mojawapo ya njia tatu: ithibitishwe kwa tathmini kwamba eneo hilo halihitajiki tena, au kijengwe kingine cha kiwango kile kile au bora zaidi, mahali panapofaa, au kiletwe kitu kingine cha michezo chenye manufaa makubwa kuliko hasara. Mjenzi huchagua njia ya kwanza au ya tatu. Kwenye ya kwanza anasema: tazama, hapa hapana mtu, mchezo umekufa. Kwenye ya tatu anatoa uwanja wa mpira wa nyasi bandia, kama ilivyotolewa kwa Brandon.

Hoja ya kwanza lazima ikataliwe kila inapoinuliwa. Uwanja aliofungia watu mageti yeye mwenyewe hauwezi kuwa ushahidi wake kwamba watu hawautaki. Oxford wametuonyesha. Uwanja wao ulifungwa mwishoni mwa 2012, mjenzi akitaka kuweka nyumba. Halmashauri ya jiji ikakataa, na mwaka 2014 ikalifanya eneo hilo kuwa la hifadhi. Ulilala karibu miaka kumi, nyasi zikaota kwenye njia. Mwaka 2022 ukafunguliwa tena, mbwa wakarudi, na timu ya spidiwei ikarudi na watazamaji wake. Miaka kumi ya ukimya haikuua chochote.

Na hoja ya uhitaji ndiyo inayonoga zaidi pande mbili zikisimama pamoja. Klabu ya spidiwei inaweza kuonyesha usiku ishirini na kitu kwa msimu. Promota wa stokaa anaonyesha zake. Ukiongeza stokaa za watoto wa miaka 11 hadi 16, mazoezi ya pikipiki za vijana, na siku za magari mengine ya duara, kalenda inajaa kuanzia Machi hadi Oktoba na wiki kadhaa za baridi. Tathmini yenye kalenda hiyo ni vigumu kuipinga. Tathmini yenye mchezo mmoja, mwanasheria mzuri anaitoboa asubuhi moja.

Kelele pia. Msikimbie neno hilo; majirani wana masikio na haki. Uwanja wa Mildenhall, huko Suffolk, ulipata kibali cha spidiwei mwaka 1975, stokaa zikaanza 1984. Mwaka 2006 watu wawili walinunua nyumba kama nusu kilomita kutoka hapo, kisha wakashitaki kwa kelele. Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Juu, na Februari 2014 majaji wakawapa haki wakazi hao wawili. Walisema, pamoja na mengine, kwamba kuhamia jirani na kelele iliyokuwapo hakukunyimi haki ya kulalamika. Lakini walisema pia mahakama ziwe tayari zaidi kutoa fidia badala ya kupiga marufuku shughuli. Funzo kwa uwanja wa michezo miwili liko wazi: jirani hasikii spidiwei wala stokaa, anasikia kelele, na anahesabu jumla yake. Nyinyi mnaopanga siku mkipanga kila mtu kivyake, jumla hiyo hakuna anayeimiliki wala anayeweza kuijadili na jirani kwa heshima. Ikiwa na kalenda moja, yenye saa za mwisho zinazoheshimiwa na wikiendi kadhaa za mapumziko zilizotangazwa mapema, jirani ana mtu wa kuzungumza naye.

Basi haya ndiyo ninayowaomba.

BSPL na ORCi, undeni kamati moja ya viwanja, yenye watu wa pande zote mbili na mtu mmoja anayejua sheria za mipango. Ianze kwa kuorodhesha kila uwanja nchini ambao mwenye ardhi si mwenye mchezo, na mkataba wake unaisha lini. Orodha hiyo peke yake itawanyima usingizi, na ndivyo inavyotakiwa. Kila uwanja ulio hatarini ombeni uandikishwe na halmashauri yake kuwa mali yenye thamani kwa jamii, kwa sheria ya mwaka 2011. Ukitaka kuuzwa, jamii inapata miezi sita ya kujipanga kununua. Hailazimishi mwenye mali kuwauzia, lakini miezi sita si haba kwa watu waliozoea kusikia habari magazetini. Pale mnapotumia njia moja ya udongo, wekeni mfuko wa pamoja wa udongo, greda na uzio, kila mbio za stokaa zikichangia ukarabati na kila mechi ya spidiwei ikichangia, ili mtu wa njia asiwe mtumishi wa upande mmoja anayewachukia wa pili. Na mkataba wowote mpya wa uwanja, uwe wa Leicester, Scunthorpe au Brandon ukirudi, muutie saini wote wawili.

Waheshimiwa madiwani, kukataa kibali ni nusu ya kazi. Ardhi inayoachwa ioze inamfaa anayesubiri mchoke. Sheria ya mipango ya mwaka 1990 inawapa, kwenye kifungu cha 215, uwezo wa kumwamuru mwenye ardhi asafishe eneo linaloharibu sura ya mtaa. Kifungu cha 226 kinawapa uwezo wa kuchukua ardhi kwa lazima kwa malipo halali, pale manufaa ya umma yanapodai hivyo. Njia hii ya pili ni ndefu na ya gharama, na siwaombi mwanze nayo. Naomba muiweke mezani waziwazi, mseme mbele ya wananchi mmeipima, na mtaje nani angeendesha uwanja siku ya kufunguliwa. Hapo ndipo mtahitaji barua moja yenye saini za BSPL na ORCi, inayosema: tupeni Brandon, tutaujaza, hii hapa kalenda. Bila barua hiyo sioni diwani atakayethubutu, wala sitamlaumu.

Mtaniuliza mhamiaji kutoka pwani ya Afrika Mashariki ana nini na udongo mwekundu wa Warwickshire. Nilipelekwa Brandon na wenzangu wa kazini, mafundi wa Kiingereza, wa Kipunjabi na wa Kipolandi. Mpolandi alikuja kuwaona waendeshaji wa kwao, kwa sababu Poland spidiwei ni mchezo mkubwa wa taifa. Mpunjabi alikuja kwa stokaa. Pale ukingoni, udongo ukiturukia usoni kutoka kona ya tatu, hakuna aliyeniuliza nimetoka wapi. Waliniuliza nimempa nani pointi tatu. Tiketi ilikuwa ya bei ambayo fundi mwenye watoto anaimudu. Mafundi wenzangu walikuwa wanachomelea bampa jioni, bila malipo, kwa sababu waliipenda kazi yao kiasi cha kuifanya tena baada ya zamu. Kijana anayejifunza kuchomelea kwa namna hiyo hasahau. Siku hizi namtuma kijana wangu wa kazi kwenye kozi; ni nzuri, ila hakuna anayempigia makofi chuma chake kikihimili kishindo.

Nyumba zinahitajika, sipingi. Na mimi ni mpangaji. Lakini Coventry na Rugby zina ardhi nyingine ya kujenga, na hazina Brandon nyingine.

Msimu wa mbio unaisha Oktoba. Baada ya hapo kila chombo chenu hufanya mkutano wake na watu wake, mlango umefungwa. Mwaka huu wekeni ajenda moja inayofanana kwenye mikutano yote miwili, viwanja vya pamoja, na mpeane viti: watu wawili wa ORCi wakae kwenye mkutano wa BSPL, wawili wa BSPL wakae kwa ORCi, na diwani mmoja wa Rugby aalikwe kote kuwili. Mkitoka na tarehe ya kikao cha kwanza cha kamati, itangazeni. Mashabiki wa Coventry wa michezo yote miwili watakuja wakiwa na makabrasha waliyoyakusanya tangu 2016, na mimi nitakuwa miongoni mwao.

Wenu katika mchezo,

Fundi wa kuchomelea, Coventry